Butili au lami? Ulinganisho wa vifaa vya kupunguza kelele ndani ya gari kwa mwenye gari anayefanya kazi mwenyewe

Mwenye gari anayetaka kupunguza kelele ndani ya gari lake kwa mikono yake mwenyewe hukutana na bidhaa nyingi zinazofanana kwa sura na kutofautiana sana kwa kazi: mikeka myeusi yenye uso wa alumini, mikanda ya kuzibia mapaa, sponji, vinili nzito, nyuzi zinazofanana na pamba, na rangi nzito za kupaka. Wauzaji husema zote zinazuia sauti, na hapo ndipo fedha nyingi hupotea, kwa kuwa hakuna hata moja kati yake inayoweza kuzuia kila aina ya sauti. Ulinganisho huu unahusu magari tunayoyaendesha Afrika Mashariki, hasa yale yaliyotumika Japani kabla ya kushushwa Mombasa na Dar es Salaam, na utakaa zaidi kwenye chaguo ambalo kwa maoni yangu ndilo linaloamua kama kazi itadumu au itabidi irudiwe, yaani mkeka wa butili, ambayo ni aina ya raba, au wa lami.

Kabla ya kununua chochote, ni lazima kujua kelele inakufikiaje. Njia ya kwanza ni mtetemo: injini, magurudumu na barabara mbovu hulitikisa bati, nalo likalia kama ngozi ya ngoma. Njia ya pili ni hewa: sauti ya matairi juu ya lami, ya upepo kwenye vioo na ya lori linalokupita hupenya kupitia vioo, raba za milango na kila tundu lililoachwa wazi. Kifaa kinachotibu njia ya kwanza hakitibu ya pili. Ligonge bati la mlango kwa kifundo cha kidole. Likitoa mlio mrefu unaoendelea baada ya kidole kuondoka, hapo kuna mtetemo wa kutibiwa. Likitoa mlio mfupi uliokufa papo hapo, mkeka mwingine juu yake utaongeza uzito wa gari na kupunguza uzito wa pochi, basi.

Mkeka unavyofanya kazi

Mkeka wa kufyonza mtetemo una tabaka mbili, yaani raba laini inayonata na karatasi ya alumini iliyobandikwa juu yake. Bati linapojipinda, alumini hukataa kutanuka pamoja nalo, na raba iliyonaswa katikati hulazimika kujivuta upande mmoja na mwingine. Katika kuvutana huko nguvu ya mtetemo hugeuka kuwa joto dogo sana ambalo hakuna atakayelihisi. Kwa hiyo alumini si pambo. Mkeka wenye alumini ya unene wa takriban milimita 0.1 hufanya kazi vizuri kuliko wenye alumini nyembamba inayochanika kwa ukucha, hata kama raba zake zina unene sawa, na anayelinganisha bidhaa mbili dukani anapaswa kuuliza unene wa alumini kabla ya kuuliza unene wa mkeka mzima.

Maelezo hayo yanaonyesha pia kwa nini mkeka usiogusana vizuri na bati ni hasara tupu. Ukibaki na mapovu ya hewa chini yake, au ukibandikwa juu ya vumbi na mafuta, hakuna kuvutana kunakotokea. Vilevile yanaonyesha kwa nini si lazima kulifunika bati lote: sehemu kubwa ya manufaa hupatikana kwa kufunika robo yake tu, katikati pale linapojipinda zaidi, na kila kipande kinachoongezwa baada ya hapo huleta faida ndogo kuliko kilichotangulia. Mafundi wengi wa redio za magari hufunika kila sentimita kwa sababu kazi hiyo hupendeza kwenye picha, lakini anayelipa kwa fedha yake anaweza kuishia kwenye asilimia 30 au 40 bila kujuta.

Butili na lami kwenye joto letu

Butili ni raba ileile ambayo kwa miaka mingi imetumika kutengeneza mipira ya ndani ya matairi, kwa sababu haipitishi hewa kwa urahisi na haizeeki haraka kwa joto. Ikichanganywa na unga wa madini wa kuongeza uzito, hupatikana mkeka wenye takriban kilo 3 kwa kila mita ya mraba katika unene wa milimita 2. Bidhaa zinazolenga soko la Marekani hupimwa kwa sehemu za elfu za inchi, ndiyo maana mikeka ya Noico na Kilmat ya milimita 2 huandikwa namba 80, na pakiti yake ya futi za mraba 36 ni sawa na mita za mraba 3.3 hivi.

Lami si kitu kibaya kwa asili yake. Ukinyanyua zulia katika magari mengi ya Kijapani utakuta vipande vya lami vilivyoyeyushiwa kiwandani juu ya bati la sakafu, navyo hufanya kazi yake kwa muda mrefu. Hata hivyo vipande hivyo vimelala chini ambako haviwezi kuanguka, na vilipashwa moto hadi vikashikamana kabisa na bati. Kinachouzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi ni kitu kingine: mkanda wa lami wenye gundi upande mmoja na alumini upande wa pili, uliotengenezwa kuziba viungo vya paa la nyumba visivuje. Bei yake kwa mita ni ndogo, sura yake haina tofauti na ya mkeka wa butili, na ndiyo sababu watu wengi huuchukua.

Tatizo ni joto. Lami ya daraja la 60/70, inayotumika sana katika ujenzi wa barabara, huanza kulainika kati ya nyuzijoto 49 na 56. Lami ya mikanda huchanganywa na viungo vya kuiongezea uvumilivu, lakini bati la paa la gari lenye rangi nyeusi, likiachwa juani mchana Dar es Salaam au Mombasa, linaweza kupita nyuzijoto 70. Kwenye paa na kwenye milango, mkeka unaolainika kiasi hicho huteleza polepole kwa uzito wake wenyewe, huachia gundi, na mwishowe huangukia juu ya dari ya ndani au kwenye reli ya kioo cha mlango. Hata kabla ya kuanguka, lami iliyolainika kupita kiasi hupoteza uwezo wake wa kufyonza mtetemo, kwa kuwa tabaka la kati linapokuwa kama uji hakuna tena kinachovutana. Kisha kuna harufu. Gari lililobandikwa lami ndani na kufungwa vioo juani hunuka kama barabara inayomwagwa, na harufu hiyo huingia kwenye zulia na viti.

Katika nyanda za baridi kama Njombe, Limuru au Eldoret tofauti hupungua lakini haiishi. Lami huwa ngumu kadiri baridi inavyozidi, na ubora wake katika kufyonza mtetemo hupatikana katika viwango vichache tu vya joto, ilhali butili hubaki laini katika baridi yoyote tutakayoipata huku na haitiririki kwenye joto la paa.

Uamuzi wangu ni huu. Kwenye sakafu, ambako mkeka umelala chini na zulia limeukinga na jua, lami inaweza kukubalika kwa mwenye bajeti ndogo, mradi avumilie harufu ya wiki za mwanzo. Kwenye milango na kwenye paa, lami isitumike kabisa, hata ikitolewa bure, kwa maana kazi ya kuikwangua lami iliyoyeyuka ndani ya mlango ni nzito kuliko kazi yote ya kuibandika. Mwenye fedha ya kununua mita za mraba 10 za lami au mita za mraba 3 za butili achukue butili na kuibandika kwa vipande. Chukua mfano wa gari la saluni la kawaida: bati la nje la mlango mmoja lina kati ya nusu na robo tatu ya mita ya mraba, hivyo kufunika asilimia 40 ya milango yote minne huhitaji mita moja ya mraba tu. Pakiti moja inabakisha ya kutosha kwa paa na sehemu za sakafu ya buti.

Tatizo jingine ni uaminifu wa lebo. Ipo mikeka inayouzwa kwa jina la butili ambayo ndani yake ni lami, au lami iliyochanganywa na butili kidogo. Omba kipande, kibandike chini ya bati lililoinamishwa, ukiache juani mchana mzima. Butili halisi itakuwa laini zaidi lakini itabaki pale ilipo, haitanuka lami, na ukiivuta itanyumbuka kwa ustahimilivu kabla ya kukatika. Kipande kilichoteleza, kilichotoa harufu kali au kilichoacha doa jeusi la kunata vidoleni kimekujibu, hata kama lebo inasema vinginevyo.

Vinili nzito, sponji na nyuzi

Mtetemo ukishatulizwa, kelele inayobaki ni ile ya hewani, na hapa kanuni hubadilika. Kuzuia sauti ya hewani kunahitaji uzito na kunahitaji kuziba. Kanuni ya uzito husema kwamba kila unapozidisha mara mbili uzito wa kizuizi kwa mita ya mraba, sauti inayopenya hupungua kwa takriban desibeli 6 kinadharia, na pungufu ya hapo katika hali halisi. Ndiyo maana hapa hutumika shuka za vinili nzito, zenye unene wa takriban milimita 3 na uzito wa karibu kilo 5 kwa mita ya mraba. Shuka hiyo haibandikwi moja kwa moja kwenye bati. Hulazwa juu ya sponji ya matundu yaliyofungwa yenye milimita 6 hivi, ili ielee bila kugusana na bati, na viungo vyake hufungwa kwa mkanda, kwani pengo dogo hupitisha sauti nyingi kuliko linavyoonekana.

Tofauti na mkeka wa butili, vinili iliyofunika robo ya sakafu haina maana. Ama inafunika sehemu yote, ama isinunuliwe. Sakafu ya mita za mraba 3 itaongezewa kilo 15, uzito ambao gari dogo lenye injini ya sentimita za ujazo 1000 litauhisi kwenye kilima. Kwa magari mengi ya mjini naiona vinili kuwa anasa. Kwa anayesafiri mara kwa mara kati ya Dar es Salaam na Dodoma, au Nairobi na Mombasa, na kushuka akiwa na masikio yanayovuma, ni fedha iliyotumika vyema.

Sponji inastahili tahadhari zaidi kuliko inavyopewa. Sponji ya matundu yaliyofungwa hainywi maji, hutenganisha vizuri vitu viwili visigongane, na huzuia joto, lakini peke yake hainyonyi sauti nyingi wala haina uzito wa kuizuia. Sponji ya godoro, ambayo watu wengi huikata na kuipachika chini ya zulia au ndani ya milango kwa kuwa ni rahisi kuipata, ni ya matundu yaliyo wazi: hunyonya sauti kidogo na maji mengi. Maji ya mvua huingia ndani ya kila mlango kupitia raba ya kioo na kutokea kwenye matundu ya chini, hilo ni jambo la kawaida katika magari yote. Sponji ya godoro huyashika maji hayo dhidi ya bati kwa siku nyingi. Tanga, Zanzibar, Mombasa na kokote kwenye hewa ya chumvi, matokeo yake ni kutu inayoanzia ndani, ambayo huonekana nje ikiwa imeshatoboa. Vitambaa vya pamba chakavu vina kasoro hiyohiyo.

Nyuzi za plastiki zisizonywa maji, kama Thinsulate ya kampuni ya 3M, ndizo bora zaidi kwa kunyonya sauti za juu kama mvumo wa upepo. Hupachikwa nyuma ya makava ya plastiki na juu ya dari ya ndani, ni nyepesi sana, na hupunguza joto la paa. Kwa sauti nzito za chini hazifanyi kitu.

Rangi nzito za kupaka nazitaja kwa kifupi. Zina faida kwenye sehemu zenye kona nyingi ambako mkeka haukai, na kwenye gari lililovuliwa kila kitu kwa ajili ya kupigwa bodi upya. Zinahitaji tabaka kadhaa zilizokauka moja baada ya nyingine, na kwa unene unaopatikana kwa brashi hazifikii mkeka wa butili wenye alumini. Dawa nyeusi ya kupulizia chini ya gari hupunguza mlio wa changarawe na kuzuia kutu, na huo ndio mpaka wa kazi yake.

Gari gani lianzie wapi

Toyota Probox, iliyoanza kuuzwa mwaka 2002 kama gari la kazi, ina bati kubwa tupu upande wa nyuma na plastiki chache za kulifunika. Hapo butili kwenye matao ya magurudumu ya nyuma, kwenye bati za ubavuni na sakafu ya mizigo huleta badiliko kubwa kuliko kwenye saluni, na kama fedha ni ya pakiti moja, milango ya mbele isubiri.

Hiace ni jambo tofauti, kwa kuwa injini iko chini ya viti vya mbele. Abiria wa mbele anasikia na kuhisi injini kupitia kifuniko chake, basi anza kwa kuhakikisha raba inayozunguka kifuniko hicho haijapasuka, kwani pengo hapo huharibu kazi nyingine yote. Upande wa ndani wa kifuniko, ulio karibu na joto la bomba la moshi, usibandike butili, lami wala sponji ya kawaida. Tumia nyuzi zisizoshika moto zenye uso wa alumini. Paa la Hiace ni pana na tambarare, na mvua ya masika juu yake humlazimisha dereva kupaza sauti. Vipande vya butili katikati ya kila eneo kati ya mbavu za paa hubadilisha mlio huo kabisa, na kwa maoni yangu hakuna mahali pengine ambapo kilo 3 za mkeka huleta raha kubwa namna hiyo.

Land Cruiser mkonga ina bati nene na vioo vilivyosimama wima, kwa hiyo sehemu kubwa ya kelele yake ni upepo, matairi yenye meno makubwa na injini ya dizeli. Mikeka itasaidia sakafu na kuta za nyuma, lakini hapa ndipo vinili juu ya sponji inapostahili kuwekwa kwenye sakafu na kwenye ukuta unaotenganisha injini na miguu. Katika gari lolote, raba za milango zilizokakamaa, beringi inayovuma na matairi yaliyolika upande mmoja vitengenezwe kwanza, kwa sababu hakuna mkeka unaovitibu.

Wakati wa kufanya kazi yenyewe

Gari lenye mifuko ya hewa lina nyaya zenye viunganishi vya rangi ya njano chini ya viti na pengine ndani ya milango. Toa waya hasi wa betri na usubiri kabla ya kugusa kiunganishi chochote. Miongozo ya Toyota huagiza sekunde 90 au zaidi. Baadhi ya milango ina kihisi kinachopima mgandamizo wa hewa ndani ya mlango ili kufungua mfuko wa pembeni wakati wa ajali, na mlango wa namna hiyo urudishiwe kizuizi chake cha awali (shuka la kuzuia maji nyuma ya kava) kama kilivyokuwa, bila kuongeza wala kuziba tundu.

Safisha bati kwa sabuni, likauke, kisha lifute kwa spiriti. Huku kwenye joto butili haihitaji kupashwa moto ili ishike, isipokuwa asubuhi za nyanda za juu ambapo drya ya nywele inatosha. Kata vipande vinavyoingia kwa urahisi kwenye tundu la mlango, vaa glavu kwa kuwa ukingo wa alumini hukata kama wembe, na bonyeza kwa rola ndogo kwa nguvu hadi michoro ya alumini ilale. Matundu ya chini ya mlango yanayotoa maji yaachwe wazi, na kioo kishushwe na kupandishwa hadi mwisho kabla kava la ndani halijarudishwa.

Bati la ndani la mlango lina matundu makubwa, na katika mlango usio na kihisi kilichotajwa juu, kuyaziba huongeza ubora wa spika kwa kuwa sauti ya nyuma yake haichanganyiki tena na ya mbele. Hata hivyo usiyazibe kwa mkeka mtupu uliotanda hewani; siku mashine ya kioo itakapoharibika fundi ataukata vipandevipande. Kata bamba jembamba la alumini au plastiki ngumu, libandike mkeka, na ulifunge kwa skrubu.

Pima kabla na baada kwa programu ya desibeli kwenye simu, kwenye barabara ileile, kwa kasi ya kilomita 80 kwa saa, vioo vimefungwa na feni imezimwa. Namba ya programu haina usahihi wa kitaalamu lakini tofauti kati ya vipimo viwili vya simu ileile husaidia. Tarajia desibeli chache tu. Kupungua kwa desibeli 10, ambako sikio hukusikia kama sauti iliyopungua nusu, ni nadra sana kwa kazi ya nyumbani, na anayeahidi zaidi ya hapo anauza.

Vipande vidogo vinavyobaki visitupwe. Bandika kimoja nyuma ya kibao cha namba, vingine kwenye plastiki za buti zinazogongana, na kimoja kuzunguka tundu la kila spika kabla ya kuirudisha, na milio midogo ambayo ilikuwa imefichwa na kelele kubwa haitapata nafasi ya kujitokeza.